Si kila muuaji wa Rwanda alihukumiwa Arusha

Bado utasikia, hata kwa watu waliosoma, kwamba waliofanya mauaji ya kimbari ya Rwanda mwaka 1994 walihukumiwa Arusha. Ni wachache tu. Mahakama ile ya Umoja wa Mataifa, iliyokaa katika jengo la mikutano la AICC na kufungwa Desemba 2015, iliwashtaki watu 93: mawaziri, maofisa wa jeshi, wakubwa wa redio, wafanyabiashara. Walioshika mapanga vijijini walishtakiwa nchini Rwanda, wengi mbele ya gacaca, mabaraza ya wananchi yaliyosikiliza kesi zaidi ya milioni moja hadi 2012.

Kuipima Arusha kwa idadi, basi, ni kuionea, ingawa ilikuwa ghali, hilo halina ubishi. Tazama kesi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba. Hati ya kwanza ya mashtaka haikutaja ubakaji. Shahidi mmoja mwanamke akaugusia katika ushahidi wake, hati ikarekebishwa mwaka 1997, na Septemba 1998 majaji wakaamua kwamba ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari. Hakuna mahakama ya kimataifa iliyokuwa imewahi kuamua hivyo.