Mchanganuo wa gharama za jengo la chuma la kiwandani: dhana potofu na ukweli wake

Wengi huamini kwamba jengo la chuma linalotengenezwa kiwandani na kuunganishwa eneo la ujenzi ni rahisi kuandalia BOQ (orodha ya kazi na vifaa pamoja na vipimo vyake, inayotumika kuwekea bei), kwa kuwa mtengenezaji tayari ana orodha ya vipande vyake. Ukweli ni kwamba orodha ya kiwanda huishia pale chuma kinapoishia. Bolti za kufukia kwenye zege la msingi, zege lenyewe, milango, kupakua mzigo na kukodi kreni mara nyingi havimo, na mkadiriaji majenzi asipoandika wazi nani anagharimia kipi, pengo hilo litageuka madai ya malipo ya ziada.

Dhana ya pili, ambayo kwa maoni yangu ndiyo ghali kuliko zote, ni kwamba ukishapima nguzo na boriti umemaliza uzito wa chuma. Chukua ghala la mita 20 kwa 40 lenye fremu kila baada ya mita 5 na mistari 16 ya papi za umbo la Z, yaani vyuma vyembamba vinavyolala juu ya fremu na kubeba mabati. Papi hizo hupishana juu ya fremu 7 za ndani. Zikipishana kwa sentimita 60 kila mahali, kila mstari huongezeka mita 4.2, yaani mita 67.2 kwa paa zima, ambazo ni karibu kilo 370 ikiwa papi ina kilo 5.5 kwa mita. Urefu huo uingizwe ama kwenye kipimo ama kwenye bei ya kila kipimo kimoja, kwa kufuata kanuni ya upimaji iliyotajwa katika zabuni. Kosa ni kuuacha kote kuwili, au kuuhesabu mara mbili. Mabamba ya maungio nayo yana uzito wa kutosha: bamba la milimita 10 ni kilo 78.5 kwa kila mita ya mraba.

Wapo pia wanaodhani kwamba eneo la paa ni eneo la sakafu. Kwa mteremko wa nyuzi 10, mita za mraba 800 huwa takriban 812, kabla ya kuongeza michirizi (sehemu ya paa inayotokeza nje ya ukuta). Tofauti hiyo ni ndogo. Kofia (vifuniko vya kilele cha paa), gata na vifuniko vya kingo, vinavyopimwa kwa mita za urefu, ndivyo husahaulika zaidi.

Vilevile si kweli kwamba jengo jepesi huhitaji msingi mdogo tu. Kwa kuwa ni jepesi, upepo unaweza kulinyanyua, na wakati mwingine uzito wa zege ndio unaolishikilia, kwa hiyo ujazo wa msingi usikisiwe kabla mhandisi hajatoa nguvu zinazofika kwenye vitako vya nguzo.

Mwisho, fungu la dharura halikuwekwa kwa ajili ya vitu vilivyosahauliwa. Boriti ya mita 15 haiingii katika kontena la futi 40, ambalo ndani lina urefu wa takriban mita 12. Ikisafirishwa kwa kontena hilo lazima ikatwe na kuungwa, na gharama ya maungio hayo ilijulikana tangu mchoro ulipotoka.