Kujisomea lugha ya kigeni: yanayosemwa na yalivyo

"Kitabu kigumu ndicho kinachofundisha."

Hii nianze nayo, maana ndiyo inayowaangusha wengi. Mtu anamaliza masomo ya mwanzo, anatafuta riwaya nene, anaketi na kamusi pembeni. Ukurasa wa kwanza unamla saa nzima. Wiki ya pili riwaya iko juu ya kabati inakula vumbi, naye anasema hana kipaji cha lugha.

Kilichomshinda ni hesabu. Watafiti wa msamiati, akiwemo Paul Nation wa New Zealand, wanakadiria kwamba ili usome peke yako na uelewe vizuri, unahitaji kujua maneno kama 98 katika kila 100. Chukua ukurasa wa maneno 300: kwa asilimia 98, maneno mageni ni 6. Kwa asilimia 90, ambayo kwenye mtihani ungeishangilia, mageni ni 30, karibu moja kila mstari. Hapo husomi tena, unachimba. Vitabu vilivyorahisishwa kwa ngazi vimeandikwa kwa ajili ya hali hiyo, ila watu wazima wanaviona vya kitoto. Mimi naona aibu hiyo inawagharimu miaka.

"Kila neno usilolijua, fungua kamusi."

Soma hii: "Alichomeka mburo kwenye kufuli, akauzungusha mara mbili, mlango ukafunguka." Mburo nimeubuni sasa hivi, na tayari unajua ni nini. Haya, na hii: "Alichomeka mburo kwenye sefuto, akauzungusha mara mbili, kirama kikafunguka." Yameongezeka maneno mawili tu, na hujui kama ni mwizi, fundi au daktari. Ndiyo tofauti ya kitabu cha kiwango chako na kisicho chako.

Kató Lomb, mkalimani wa Hungaria aliyejifunza lugha zaidi ya 10, nyingi kwa kusoma vitabu, alishauri msomaji asikimbilie kamusi: neno lenye umuhimu litarudi lenyewe. Kanuni yangu ni nyepesi zaidi. Neno likinizuia mara ya tatu, nalitafuta. Kabla ya hapo napita.

"Ukishavuka utoto umechelewa."

Ni kweli nusu. Utafiti wa mwaka 2018 uliopima watu wapatao 670,000 ulionyesha kwamba uwezo wa kunasa sarufi hushuka baada ya miaka 17 hivi, na lafudhi nayo ni kazi kwa mtu mzima. Lakini wanadiplomasia wa Marekani, watu wazima watupu, hupangiwa takriban wiki 36 za masomo ya kutwa kukifikia Kiswahili cha kazini. Nani aliwaambia wamechelewa? Anayejisomea nusu saa kwa siku atachukua muda mrefu zaidi, bila shaka, ila hilo ni suala la saa, si la umri.

"Rudia neno mara 30 leo, halitatoka kichwani."

Litatoka. Hermann Ebbinghaus, mwanasaikolojia wa Ujerumani, alilionyesha hilo mwaka 1885 kwa kujipima mwenyewe: marudio yaliyotawanywa kwa siku kadhaa hudumu kuliko yaliyorundikwa siku moja. Andika sentensi nzima kwenye kadi, si neno tupu. Irudie kesho, kisha baada ya siku tatu, kisha wiki. Ukiikosa, irudishe mwanzo.

"Ukisoma sana, kuongea kutakuja kwenyewe."

Sisi tuliozoea Kiswahili, ambacho husomwa kama kilivyoandikwa, tunategwa hapa kuliko wengine. Neno la Kifaransa beaucoup lina herufi 8, linatamkwa "boku". Aliyelisoma miaka mitatu bila kulisikia atalipita kama mgeni njiani. Tafuta kitabu chenye sauti yake, sikiliza ukurasa huku macho yakifuata maandishi, kisha usikilize tena kitabu kikiwa kimefungwa.