Malaika: yule kijana analia nini hasa

Harusi nyingi hapa Tanga, maharusi wakisimama kukata keki dj anaweka Malaika, watu wanapunga leso, bi harusi anatabasamu, na mi huwa najiuliza hivi wanasikiliza maneno au sauti tu, manake yule kijana anayeimba mwenzenu hajaoa! Nyimbo nzima ni ya mtu aliyekwama.

Hebu angalia hapa, "nami nifanyeje, kijana mwenzio, nashindwa na mali sina we, ningekuoa malaika". Mali hapo kwa tunavyoielewa huku sio magari na majumba, ni mahari na mazagazaga yake yote. Na hasemi nakuoa wala nitakuoa, kasema ningekuoa, yaani nia anayo ila mfuko ndo hivyo tena. Alafu "kijana mwenzio" ni kama anamwambia sisi rika moja, hali yangu unaijua, mi sio mzee mwenye maduka atakayekuja kesho kwa baba ako na bahasha nene.

Watu wa pwani hesabu hii tunaijua vizuri. Mahari yenyewe kidini ni haki ya binti, anaitaja mwenyewe na inaweza ikawa ndogo tu, wapo walioolewa kwa msahafu. Kinachomvunja kijana mgongo ni vya pembeni: kishika uchumba, mkaja wa mama, kilemba cha baba, hapo wajomba hawajafungua mdomo, bado sanduku la nguo na shughuli yenyewe. Mshenga anapeleka posa, anarudi na karatasi, kijana anaisoma mara mbili afu anaikunja anaitia mfukoni. Ndo maana anaimba pesa zasumbua roho yangu, haimbi kwamba we ndo unanisumbua. Msichana hana kosa, mule ndani hamna hata sehemu moja aliyomkataa.

Kwenye "kidege, hukuwaza kidege" ndo wengi wanapotea, wanadhani analaumu, eti hukuniwaza. Wapi, hiyo hu ni ile ya hulala na huamka, yaani kila siku yuko anamuwaza tu. Na kidege ndo huyo huyo malaika, kashuka kidogo kutoka mbinguni mpaka kwenye tawi ila bado hamfikii, kote kote mwenzie ana mabawa na yeye kabaki chini. Mi naona hapo ndo pametungwa kwa akili kuliko kote.

Katunga nani? Hapo kuna ubishi wa miaka, wengi wanamtaja Fadhili William wa Kenya aliyeirekodi, wengine wanasema ya Adam Salim, Mtanzania. Ila aliyeisambaza duniani ni Miriam Makeba wa Afrika Kusini, 1981 Boney M nao wakaiimba, na huko kwa wasiojua Kiswahili sidhani kama kuna aliyestuka kwamba hapa kuna mtu anadaiwa mahari.