Alama za Ustadi katika Gemu za Ushindani: Zinapima Nini Hasa?

Mchezaji anapomaliza mechi ya gemu ya ushindani, skrini humwonyesha mambo mawili: kwanza kama ameshinda au ameshindwa, na pili alama au nembo yake ikisogea juu au ikishuka. Hiyo alama ndiyo inayowafanya watu washangilie, wanune, wagombane na wenzao na hata waiache gemu waliyoipenda. Sehemu kubwa ya manung'uniko hayo inatokana na kuielewa alama visivyo. Wengi huichukulia kama ujira: nimecheza saa nyingi, nimejituma, basi nastahili kupanda. Lakini mfumo wa kupima ustadi haulipi jasho la mtu. Kazi yake ni kukadiria, yaani kabla ya mechi kuanza unasema kila upande una uwezekano gani wa kushinda, na mechi ikiisha unaulinganisha utabiri wake na kilichotokea, kisha unajirekebisha.

Chimbuko la mifumo hii si gemu za kompyuta bali sataranji. Arpad Elo, mzaliwa wa Hungaria aliyefundisha fizikia katika Chuo Kikuu cha Marquette mjini Milwaukee, Marekani, na ambaye mwenyewe alikuwa mchezaji hodari, alibuni hesabu ya kuwapanga wachezaji kwa kutegemea matokeo yao. Shirikisho la sataranji la Marekani liliikubali mwaka 1960, na FIDE, shirikisho la dunia, likafuata mwaka 1970. Kwa hiyo neno Elo, ambalo wachezaji wengi huliandika kwa herufi kubwa tupu wakidhani ni kifupisho, ni jina la mtu. Elo hakuitukuza kazi yake kupita kiasi. Alikifananisha kipimo hicho na kujaribu kupima mahali kilipo kizibo kinachopanda na kushuka juu ya maji, kwa kutumia rula iliyofungwa kwenye kamba inayoyumbishwa na upepo. Ustadi wa mtu hauonekani kwa macho. Kinachoonekana ni matokeo yake tu, nayo hubadilika siku hadi siku.

Hesabu yenyewe si ngumu. Tuseme mchezaji mmoja ana alama 1600 na mpinzani wake ana 1400. Tofauti ya alama 200, kwa kanuni ya Elo, ina maana kwamba yule wa juu anatarajiwa kupata takriban asilimia 76 ya ushindi. Tofauti ikiwa 400, matarajio hupanda hadi karibu asilimia 91, na wakilingana ni nusu kwa nusu. Sasa mfumo huweka kiwango cha juu cha alama zinazoweza kusogea katika mechi moja, tuchukue 32. Wa 1600 akishinda, amefanya lililotarajiwa, hivyo anaongezewa alama 8 tu. Akishindwa, utabiri umekwenda kombo, naye anapoteza 24. Kwa mpinzani wake mambo hugeuka: akishinda anavuna 24, akishindwa anatoa 8.

Watu wengi huona hapo pana uonevu. Lakini wacha tuwachezeshe wawili hao mara 100. Ikiwa makadirio ni sahihi, wa 1600 atashinda mara 76 na kuvuna alama zipatazo 600, kisha atashindwa mara 24 na kupoteza karibu kiasi kilekile. Atabaki pale pale alipo, na ndivyo inavyopaswa kuwa, kwa kuwa ameshinda kadiri ilivyotabiriwa, hajazidi wala hajapungukiwa. Anayepanda ni yule anayeshinda zaidi ya alivyotarajiwa. Ndiyo maana mtu anaweza kushinda mechi nyingi dhidi ya wanyonge na alama yake isisogee kwa maana yoyote.

Kile kiwango cha juu nacho kina siri yake. Kikiwa kikubwa, alama hurukaruka na bahati ya siku moja hugeuka kuwa cheo. Kikiwa kidogo, aliyeboreka kweli hukaa muda mrefu mahali pasipomstahili. FIDE hutumia 40 kwa mchezaji mpya, 20 kwa walio wengi, na 10 kwa aliyekwisha kufika alama 2400. Sababu ni kwamba mgeni hajulikani vyema, hivyo matokeo yake machache yanapaswa kuhesabiwa kwa uzito zaidi.

Wazo hilo la kutojulikana ndilo lililozaa mifumo ya baadaye. Mwanatakwimu Mark Glickman alibuni mwaka 1995 mfumo aliouita Glicko, ambao humpa kila mchezaji nambari mbili badala ya moja: makadirio ya ustadi wake, na kiasi cha mashaka yaliyomo katika makadirio hayo. Mchezaji mpya huanza na alama 1500 na mashaka 350. Kila mechi anayocheza hupunguza mashaka, naye akikaa muda mrefu bila kucheza mashaka hurudi kuongezeka, kwa sababu huenda amesahau, au huenda alikuwa akijifua kwingine. Kwa maoni yangu hii ndiyo hatua kubwa kuliko zote baada ya Elo, maana kipimo kilijifunza kukiri kwamba hakina hakika.

Watafiti wa Microsoft walioko Cambridge, Uingereza, waliichukua hoja hiyo wakaipeleka kwenye gemu za timu kupitia TrueSkill, mfumo uliotengenezwa kwa ajili ya huduma ya Xbox Live na kutumika katika gemu kama Halo 3 ya mwaka 2007. Ndani yake mchezaji mpya hukadiriwa kuwa na ustadi wa 25, huku mashaka yakiwa kidogo zaidi ya 8. Ili kupata nambari ya kumpanga, mfumo huchukua makadirio na kuyapunguza kwa mashaka mara tatu. Hesabu hiyo humpa mgeni sifuri kamili. Hajadharauliwa, mfumo unasema tu kwamba kwa sasa hauwezi kumdhamini kwa zaidi ya hapo. Kadiri anavyocheza, mashaka hushuka, na nambari hupanda hata kama makadirio ya ustadi wake hayajabadilika. Hapo ndipo inapoeleweka kwa nini mechi za mwanzo, zile za kumtafutia mchezaji daraja lake, humsogeza kwa hatua ndefu, na baadaye mwendo huwa wa kobe.

Gemu za timu zina ugumu ambao sataranji haina. Watano wanacheza dhidi ya watano, matokeo ni mamoja, na mfumo unalazimika kuyagawa kwa watu kumi. Mwamba ngozi huvutia kwake, na kila aliyekwama katika daraja fulani huamini kwamba wenzake ndio wanaomzuia. Katika mechi moja huenda anasema kweli. Lakini katika mamia ya mechi wenzake wanne hubadilika, wapinzani watano hubadilika, na asiyebadilika ni yeye peke yake. Tena nafasi za wachezaji dhaifu kwa upande wake ni nne, ilhali kwa upande wa pili ni tano, hivyo bahati mbaya ikigawanywa bila upendeleo huwaangukia zaidi wapinzani wake. Hoja hii haimfariji aliyepoteza mechi jana usiku, ila kihesabu ni nzito, na inahitaji mechi nyingi kabla haijaonekana kwa macho.

Kwa nini basi mfumo usimpime kila mtu kwa kazi yake, kwa mfano idadi ya maadui aliowaangusha? Baadhi hufanya hivyo. Toleo la pili la TrueSkill, lililotolewa mwaka 2018, linazingatia pia takwimu za mchezaji binafsi. Hatari yake ni kwamba mtu hucheza kufuata kinachopimwa. Ukihesabu maadui walioangushwa, mlinzi ataacha lango na mganga wa timu ataacha kuwatibu wenzake, wote wakimbilie kuua. Ushindi ni kipimo kizito na kinachokwenda polepole, lakini hakimshawishi mchezaji kuisaliti timu yake.

Jambo linalochanganya kuliko yote ni kwamba gemu nyingi zina alama mbili kwa wakati mmoja. Moja ni ile iliyofichwa, ambayo wachezaji huiita kwa kifupi MMR, nayo ndiyo inayotumika kuwatafuta wapinzani. Nyingine ni daraja linaloonekana, lenye nembo na jina la kuvutia. League of Legends, ambayo hapo mwanzo iliwaonyesha wachezaji wake alama ya Elo waziwazi, iliachana na utaratibu huo mwaka 2013 na kuleta madaraja ya Shaba, Fedha, Dhahabu, Platinamu na Almasi, na juu kabisa Challenger. Alama ya ndani haikufutwa, ilifichwa tu. Kwa hiyo mchezaji anapolalamika kwamba akishinda anapewa 15 na akishindwa ananyang'anywa 22, mara nyingi maana yake ni kwamba daraja lake la nje limetangulia mbele ya alama yake ya ndani, na mfumo unamrudisha taratibu hadi viwili hivyo vikutane. Mwenzake anayepata 25 na kupoteza 15 yuko katika hali iliyo kinyume. Naona ingekuwa haki kwa watengenezaji kulieleza hili waziwazi ndani ya gemu, kwani ukimya wao ndio unaozalisha dhana za hujuma.

Dhana nyingine ya namna hiyo ni kwamba mfumo hulazimisha kila mtu ashinde nusu na kushindwa nusu. Ni kweli kwamba wengi huishia karibu na nusu, lakini hiyo ni dalili kwamba wamefikishwa kwa wapinzani wa saizi yao. Mfumo haujui nani atashinda mechi ijayo. Unachofanya ni kutafuta mechi ambayo ni vigumu kuitabiri. Na hata hilo hufanywa kwa kujinyima kitu: ukitaka wapinzani wanaolingana kabisa, wachezaji watasubiri sana kwenye foleni, hasa walio juu kabisa, ambako watu ni wachache. Kadiri dakika zinavyopita, mfumo hulegeza masharti na kuruhusu tofauti kubwa zaidi.

Udanganyifu huuharibu mfumo kwa njia hii hii ya makadirio. Mchezaji hodari anayefungua akaunti mpya ili awatandike wanaoanza huingia akiwa na makadirio ya uongo, na kila anayekutana naye hupoteza alama kwa mtu ambaye hakupaswa kukutana naye. Anayemlipa mwingine ampandishie daraja hupata kinyume chake: nembo ya juu, kisha mfululizo wa vipigo, huku akiwashusha wenzake wa timu hadi alama yake irejee inapostahili. Ndiyo sababu mifumo yenye kipimo cha mashaka hufaa zaidi hapa, kwani akaunti mpya inayoshinda mfululizo inaweza kupandishwa haraka kabla haijawaumiza wengi.

Alama hizi, hata zikifanana kwa sura, hazihamishiki. Mchezaji mwenye 1800 kwenye Lichess, tovuti ya kuchezea sataranji, hawezi kujilinganisha na mwenye 1800 katika orodha ya FIDE, kwa kuwa kila nambari imejengwa kwa mechi za kundi lake, na makundi hayo mawili hayakupimana.