Oboe haimtii mtu wazimu

Tangu zamani huko Ulaya husemwa kwamba anayepuliza oboe miaka mingi huishia kurukwa na akili, kwa kuwa pumzi inayobanwa hupanda kichwani na kuharibu ubongo. Si kweli, ingawa naelewa imani hiyo ilikotoka.

Oboe ni jamaa wa zumari letu la pwani. Sauti yake hutoka kwenye vipande viwili vya tete vilivyofungwa pamoja, na upenyo kati yake ni mwembamba mno. Hewa hupita kidogo kidogo, kwa nguvu, ndiyo maana uso wa mpigaji huiva na mishipa ya shingo hututumka. Taabu yake ni hewa kumzidi: mapafu bado yamejaa hewa iliyokwisha tumika. Mtazame mwisho wa sentensi ya muziki, atashusha pumzi kwanza ndipo avute mpya. Asipofanya hivyo huona kizunguzungu, nacho hupita.

Mfikirie Heinz Holliger, mpiga oboe na mtunzi wa muziki wa Uswisi, aliyezaliwa mwaka 1939. Alishinda shindano la muziki la Geneva mwaka 1959 na la Munich mwaka 1961, na mtunzi Mwitaliano Luciano Berio alimtungia Sequenza VII, kipande cha oboe peke yake, mwaka 1969. Holliger mwenyewe alisomea utunzi kwa watunzi Sándor Veress na Pierre Boulez. Scardanelli-Zyklus, kazi yake kubwa ya muziki juu ya mashairi ya Mjerumani Hölderlin, aliijenga tangu 1975 hadi 1991, huku akiendelea kupuliza. Opera yake Lunea ilionyeshwa Zurich mwaka 2018, akikaribia miaka 79.