Betsiboka, mto mwekundu wa Bukini: tunayoyakosea

Bukini ndilo jina la kale la Madagaska kwa Waswahili. Ni jirani yetu wa ng'ambo tu, lakini mito yake tunaikosea sana.

"Mji mkuu, Antananarivo, uko karibu na pwani ya mashariki, basi maji yake yanamwagikia huko." Sivyo. Ramani bapa ndiyo inayotudanganya. Mgongo wa kisiwa haukukaa katikati. Umesogea mashariki, ukaacha mteremko mfupi na mkali upande huo na mteremko mrefu upande wa magharibi. Mto Ikopa huanzia mashariki ya jiji, hupita kandokando yake katikati ya mashamba ya mpunga, kisha hushika kaskazini-magharibi hadi karibu na Maevatanana, unakoungana na Betsiboka. Safari inaishia ghuba ya Bombetoka, Mahajanga, kwenye Mlango-Bahari wa Msumbiji. Yaani mvua ya Antananarivo huja upande wetu. Na wanaosema jiji liko kando ya Betsiboka wanachanganya mto na tawimto lake.

"Betsiboka ndio mto mrefu kuliko yote kisiwani." Mangoky wa kusini-magharibi huuzidi: kama kilomita 564 kwa 525.

"Wekundu wake ni dhambi ya binadamu tu." Hapa pana nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo inayosumbua. Udongo wa nyanda za juu umejaa chuma kilichoshika kutu. Chota maji ya mto huo msimu wa mvua, yaache kwenye chupa hadi asubuhi, utakuta chini tope la rangi ya tofali. Vilima vimechimbika makorongo makubwa yaitwayo lavaka, neno la Kimalagasi lenye maana ya shimo, na baadhi yake ni ya tangu kabla watu hawajafika kisiwani. Hata hivyo, kufyeka misitu na kuchoma nyasi kila mwaka kumeuacha udongo uchi. Kimbunga Gafilo kilipopita Machi 2004, wekundu wa mto ulionekana hadi angani.

Tope hilo si hasara tupu. Limejenga visiwa vya mikoko pale mlangoni mwa mto, na tambarare ya Marovoay ni ghala la mpunga. Jina Marovoay maana yake ni "mamba wengi", kwa hiyo usiingie majini kichwa kichwa.

"Mto mkubwa hivyo ni njia tayari ya kuingilia bara." Wafaransa waliotua Mahajanga mwaka 1895 walikuja na mashua za kivita wakiutegemea mto. Ziliwafaa sehemu ya chini tu. Juu kuna mawe na maporomoko. Ikabidi washike sepetu na kuchimba barabara kwenye joto na mbu. Antananarivo ilianguka 30 Septemba, maelfu ya wanajeshi na wapagazi wakiwa wameshakufa, karibu wote kwa malaria na magonjwa mengine. Waliouawa kwa risasi za Wamalagasi walikuwa makumi tu.