Kusoma Kiingereza chuo siyo kwenda kufundishwa kuongea
Huku Dodoma ukisema unasoma Kiingereza UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) watu wanadhani miaka 3 yote mnafundishwa kuongea kama Mwingereza, ukiteleza kidogo tu wanakucheka. Hapana jamani. Tunasoma lugha inavyofanya kazi, sauti, muundo wa sentensi, maana, na fasihi pia. Hiyo lafudhi mnayoicheka: Kiswahili kina irabu 5 tu, Kigogo, lugha ya Wagogo wa huku Dodoma, hivyohivyo, Kiingereza cha Uingereza kina sauti za irabu kama 20, sasa mtu aliyekulia Kongwa huku Dodoma akizipunguza siyo kwamba hajui, ulimi unafuata mfumo wa lugha yake ya kwanza, na hata Mskoti ana lafudhi yake. Inaniuma sana nikiona mwaka wa kwanza ananyamaza semina nzima kisa matamshi wakati hoja anazo.